Matofali ya Mugera na Rugari

Burundi haina kanisa la abasia la enzi za kati. Wamonaki wa Cluny, Ufaransa, walipoanza kujenga kanisa lao la tatu mwaka 1088, kanisa ambalo kwa karne kadhaa halikuwa na la kulishinda kwa ukubwa katika Ukristo wa Magharibi, milima yetu haikujua ukuta wa kudumu. Pwani palikuwa na mawe: mwaka 1107 mafundi wa Kizimkazi, Unguja, walikuwa wamekwisha kuchonga maandishi kwenye matumbawe ya kibla cha msikiti wao. Huku kwetu hata wami, wafalme wetu, waliishi ndani ya maboma ya miti na nyasi, yaliyosukwa kwa ustadi mkubwa, ambayo hujengwa, huhamwa, kisha huoza. Ngoma ya ufalme ilidumu, nyumba haikudumu.

Kwa hiyo kanisa kongwe kwetu ni lenye umri wa karne moja na ushei. Muyaga, mashariki, misheni ilianza 1898. Mugera, karibu na Gitega, 1899. Rugari, upande wa Muyinga, 1909. Kabla ya hizo Mapadri Weupe walijaribu Rumonge, kando ya Tanganyika, kuanzia 1879, na wamisionari watatu wakauawa hapo Mei 1881. Mapadri hao hawakuwa wamonaki. Shirika lao lilianzishwa Aljeria na Askofu mkuu Lavigerie mwaka 1868, na kazi yao ilikuwa kusafiri, si kufunga lango. Lakini ukisoma jinsi abasia za Ulaya zilivyoishi, utaitambua misheni ya Burundi mara moja: kanisa katikati, bustani na shamba pembeni, karakana ya useremala, shule, chumba cha dawa, ghala, na watu wa milima jirani wanaopima siku zao kwa kengele. Ndiyo maana huwa nawaambia wenzangu wa Tanzania, wanaoijua Peramiho ya Wabenediktini iliyoanza mwaka uleule wa 1898, kwamba wakifika Gitega wapande Mugera. Wataona ndugu yake, hata kama ni ndugu wa ukoo mwingine.

Mimi ni mtoto wa Nyamugari, mtaa wa Waswahili mjini Gitega. Nyumbani tulisali msikitini, tukasoma chuoni, na kengele ya kanisa la Mushasha tuliisikia kama tunavyosikia mvua inakuja. Ilikuwa ya upande wa pili. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi mwashi, na katika ukoo wetu ilijulikana kwamba alijenga kwa misheni akiwa kijana. Hakuna aliyetueleza zaidi. Alipofariki aliacha timazi ya chuma na mwiko uliolika mpaka ukawa mwembamba. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina watoto, ndipo nilipotaka kujua babu alisimama wapi akiwa na mwiko ule.

Rafiki yangu, mwalimu mstaafu, Mkatoliki aliyezaliwa kilima kimoja na kanisa la Mugera, alinichukua. Tulianza kwa padri mkuu, kuomba ruhusa, kwa sababu nyumba ya watu huingii kama soko. Akatukaribisha, akaagiza tufunguliwe. Mlangoni nilikuta mama mmoja akifagia. Nikainama kuvua viatu, kama mguu wangu ulivyozoea kwenye nyumba ya ibada. Akanizuia kwa upole: “Bakia na viatu, mwanangu. Hapa unavua kofia.” Nikavua kofia, nikaingia. Sikuona kama nimevuka mpaka wowote. Niliona adabu ileile ikionyeshwa kwa kiungo kingine cha mwili.

Mwalimu hakunipeleka mbele kwenye altare. Alinitoa nje tena. “Kwanza tulizunguke,” alisema. “Ndani utaona walichotaka uone. Nje utaona walivyofanya.” Sentensi hiyo imenisaidia kuliko kitabu chochote cha usanifu nilichowahi kushika, na leo siingii jengo la kale bila kulizunguka, liwe la nani.

Basi tukazunguka. Ukuta wa tofali la kuchoma ukiukaribia husema mengi. Tofali haziko rangi moja: zilizokaa katikati ya tanuru, karibu na moto, zimeiva mpaka zikaelekea weusi, za pembeni zimebaki na rangi ya machungwa na ndizo mvua inazozila kwanza. Fundi anayejua huzipanga ngumu chini na kwenye kona, laini juu na ndani. Nilitafuta hilo kwa macho na vidole, nikalikuta. Kuna mtu alisimama pale, akapokea tofali moja moja, akaigonga, akasikiliza inavyolia, akaamua iende wapi. Padri aliyechora ramani alikuwa na mambo mengi ya kufanya, na hawezi kuwa ndiye aliyegonga kila tofali. Kwenye tofali moja nilikuta alama za vidole vinne, vimezama kabisa, vya mtu aliyeitoa kwenye kalibu ikiwa mbichi. Vilikuwa vidogo. Mwalimu akaweka vyake juu yake, havikutosha. “Mwanamke,” akasema, “au mtoto.”

Hapo ndipo ziara ilipobadilika. Nilikuwa nimekuja kumtafuta mtu mmoja, babu yangu, na ukuta ukanionyesha umati. Fikiria kazi yenyewe. Udongo unachimbwa bondeni, unakanyagwa kwa miguu pamoja na maji mpaka ulainike, unatiwa kwenye kalibu, unaanikwa chini ya nyasi usipasuke. Kisha tanuru linapangwa, linakandikwa kwa nje, linawashwa, na moto haulali mpaka tofali ziive. Kuni zake zinatoka mbali, kwa sababu milima ya Burundi ilikuwa imekwisha kuvuliwa misitu yake kwa mashamba na malisho, na mikaratusi mnayoiona leo kuzunguka kila misheni ilipandwa baadaye. Halafu kilima. Misheni zilipenda vilima, udongo mzuri uko bondeni, na hapakuwa na gari. Kila tofali ya Mugera ilipanda juu ya kichwa cha mtu.

Nani aliwalipa, na rupia au shanga ngapi, hilo ukuta hausemi. Ninachojua ni jinsi enzi ile ilivyokwenda. Chini ya Wajerumani, na zaidi chini ya Wabelgiji, chifu aliagizwa watu naye akawaagiza watu: barabara, kahawa, kubeba mizigo. Misheni ilikuwa ndani ya mpangilio huo, na ilipata mikono kwa njia nyingi, mingine kwa mshahara, mingine kwa imani ya kweli ya watu waliotaka nyumba ya Mungu wao, mingine kwa neno la chifu. Abasia za Ulaya nazo zilikuwa na wakulima waliofungwa kwenye ardhi zao. Sioni kama jambo hili linaliondolea kanisa la Mugera heshima yake. Linaigawa heshima hiyo kwa watu wengi zaidi, na kila mmoja wao anastahili fungu lake.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Mugera hujaa mahujaji kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao kwa miguu. Siku niliyokwenda mimi palikuwa kimya, na nilishukuru, kwa kuwa niliweza kuuliza. Mwalimu alinieleza kitu ambacho watoto wa Nyamugari hatukufundishwa: kwamba Ukatoliki wa Burundi ulipita njia ya misafara. Mwishoni mwa karne ya 19 Burundi ilihesabiwa katika jimbo la kimisionari, vikarieti ya Unyanyembe, na askofu wake, Gerboin, alikaa Ushirombo, katika Tanzania ya leo. Walioanzisha Muyaga na Mugera walitoka upande huo, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi wa nchi hiyo, watu waliozungumza Kiswahili barabarani. Vikarieti ya Kivu iliundwa mwaka 1912 ikaunganisha Burundi na Rwanda, na mwaka 1922 Urundi ikapewa vikarieti yake, chini ya Askofu Gorju. Lakini mwanzo ulikuwa njia ileile iliyowaleta Waswahili wa Gitega: mafundi, wachuuzi, askari, wakalimani, wanawake waliofuatana nao.

Baadaye njia zikaachana. Misheni ikajenga juu ya Kirundi, ikaandika katekisimu na kamusi zake kwa Kirundi, na ilifanya vema kwa lugha ya nchi. Ila pamoja na hilo Kiswahili kilitazamwa kama mlango wa Uislamu, na mlango huo ukasukumwa ufungwe. Serikali ya kikoloni ikatuweka katika mitaa yetu, na shule, ambazo karibu zote zilikuwa za misheni, zikawa mbali na watoto wetu hata zilipokuwa karibu kwa hatua. Nasema haya bila kinyongo, ila lazima niyaseme, maana ndiyo yanayoeleza kwa nini mjukuu wa fundi aliyejenga kwa misheni aliweza kukua bila kukanyaga ndani ya kanisa hata moja, na bila kuona ajabu.

Kutoka Mugera tulirudi Gitega, tukapita Mushasha, kwenye kanisa kuu la Kristo Mfalme. Sitaliandika sana. Ni kanisa la mji na lina shughuli zake: harusi, kwaya, wanafunzi, masista wa Bene Tereziya wakipita na funguo. Ila huwezi kusimama pale bila kumtaja Joachim Ruhuna, askofu mkuu wa Gitega, aliyeviziwa na kuuawa njiani tarehe 9 Septemba 1996, baada ya kukemea mauaji bila kujali nani kayafanya. Nilikuwepo mjini. Nyamugari ilifunga maduka, na wazee wetu wa msikitini walikaa nje vibarazani wameshika vichwa. Nadhani siku hiyo kengele ya Mushasha iliacha kuwa ya upande wa pili.

Kutoka Gitega tukaelekea Rugari. Barabara ya Muyinga inapita Karuzi, na kabla ya kufika Karuzi unavuka Ruvubu. Hapo mwalimu alimwomba dereva asimame. Kando ya mto huu, mwaka 1972, maelfu ya watu wa Gitega na jirani waliouawa waliletwa kwa malori wakazikwa. Mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba ilifukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 katika makaburi ya halaiki ya upande huu wa Karuzi. Michel Kayoya, padri na mshairi, aliyeandika juu ya baba yake na juu ya Mwafrika aliyesimama kati ya dunia mbili, aliuawa Gitega Mei 1972 akatupwa kaburi la halaiki karibu na Ruvubu. Mwaka 2019 Kanisa lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, yeye, wanafunzi 40 wa seminari ya Buta waliouawa mwezi Aprili 1997 kwa kukataa kutengana Mhutu na Mtutsi, na wengineo.

Katika makanisa ya abasia ya Ulaya, mahujaji walikwenda kwenye mifupa: mtakatifu fulani amelazwa chini ya altare, na kanisa lote limejengwa kumfunika. Hapa mifupa iko nje, mtoni, vilimani, chini ya migomba. Mwalimu alisali kwa kimya. Mimi nikasoma Fatiha. Baba mdogo wa mwalimu alichukuliwa mwaka ule; wa kwetu Nyamugari pia walichukuliwa. Sikujifunza neno la kufariji pale, wala sikulitafuta. Nilijifunza kwamba safari ya kwenda kuona kanisa la kale nchini kwetu haiwezi kuruka kituo hiki, na atakayemtembeza mgeni kutoka Mugera hadi Rugari bila kusimama Ruvubu atakuwa amemwonyesha kuta bila nchi.

Rugari iko upande wa Muyinga, nchi ya kahawa, karibu na mpaka wa Tanzania unaopitia Kobero. Dayosisi ya Muyinga ilizaliwa mwaka 1968, ilipotengwa na Ngozi, lakini misheni ya Rugari ina umri wa karibu miaka 60 zaidi yake. Huku Waislamu ni wengi kuliko sehemu nyingi za Burundi, adhana na kengele zinajuana. Tulitafutiwa katekista mzee, aliyestaafu, amepita miaka 80, anatembelea fimbo lakini kumbukumbu yake haina fimbo. Alianza kwa Kirundi, alipotambua asili yangu akahamia Kiswahili cha sokoni, kizuri tu.

“Muzee,” nilimwuliza, “nani alijenga hapa?”

Alinitajia majina ya mapadri, kwa heshima, kama yalivyo kwenye vitabu vya parokia. Nikamwuliza tena, nani alipanga tofali. Akanitazama kwa muda. Akasema baba yake alibeba: aliyekuja kusoma dini hakuja mikono mitupu, alikuja na tofali au mzigo wa kuni. “Na mafundi?” Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua peke yake. “Wengine walikuwa nyinyi! Baba alisema walikuwepo Waswahili, wenye kanzu, wanazivua asubuhi na kuzitundika kwenye mti. Ijumaa mchana ukuta ulilala. Padri alijua, hakuwaita.”

Ukuta ulilala. Nimerudia maneno haya kwa watu wengi tangu siku ile. Kanisa lililokwenda juu kwa kasi ya Ijumaa za mafundi wake, na padri aliyekubali. Sikupata jina la babu Rugari, na Mugera pia sikulipata. Nilipata kitu kipana zaidi: kwamba kazi hiyo ilijulikana, ilikumbukwa na Mkristo, ikasimuliwa kwa mwanawe bila chuki, wakati sisi wenyewe tuliiacha ipotee nyumbani.

Mzee alitueleza pia miaka ya Rais Bagaza. Katika miaka ya 1980 serikali iliwafukuza wamisionari wengi, ikazuia misa za siku za kazi, ikafunga shule za Yaga Mukama ambako watoto wa maskini walijifunza kusoma na kuandika. Wakristo, alisema, walikuja hivyohivyo, wakakaa nje wakichambua maharage kivulini mwa kanisa, kila mmoja akisali moyoni. Baada ya Buyoya kumpindua Septemba 1987 vizuizi viliondolewa. Nilipomsikiliza nilifikiria tena Cluny. Abasia ile ilipofungwa na Mapinduzi ya Ufaransa, kanisa lake liliuzwa, na kwa miaka likawa machimbo: watu walilipua, wakabeba mawe kujengea, mpaka ikabaki kama sehemu moja ya kumi. Lilikuwa kubwa mno, na hakukuwa na watu wa kukaa kivulini mwake kuchambua maharage. Rugari na Mugera zilipata watu hao.

Hatari yao ni nyingine, na hapa naomba nisikilizwe na mapadri, kamati za parokia na mafundi wenzangu wa Muyinga na Gitega. Makanisa haya yamejaa. Waumini wameongezeka kuliko nafasi, na kila parokia ina mpango wa kupanua, kubomoa, au kupiga lipu ya saruji ili pang’ae siku ya jubilei. Kupanua si kosa. Nyumba ya ibada ni ya walio hai. Lakini lipu ya saruji juu ya tofali laini la zamani lililoungwa kwa udongo au chokaa ni ugonjwa. Saruji haipumui. Maji yanayopanda kutoka msingi, au kuingia penye ufa, yanakosa pa kutokea, tofali inaoza ndani, na baada ya miaka lipu inadondoka na uso wa tofali umeshikana nayo. Fundi aliyefundishwa kutumia saruji tu hawezi kulaumiwa. Aonyeshwe chokaa, aonyeshwe namna ya kubadilisha tofali moja iliyooza bila kugusa jirani zake. Na penye ulazima wa kufunika ukuta, basi upande mmoja uachwe wazi, ule wenye alama za vidole.

Nimekwisha kuwapeleka Mugera vijana mafundi wa Nyamugari, Waislamu na Wakristo pamoja, kwa ruhusa ya parokia. Hawakwenda kama watalii. Walipima kona kwa timazi ya babu, na mmoja wao, kijana mgumu kusifu, alibishana na mwenzake kwa saa nzima jinsi kona ile ilivyofungwa bila nondo. Mama wa mlangoni aliwaletea maji ya kunywa, akawauliza kila mmoja ni mtoto wa nani. Kijana wa tatu alipotaja jina la babu yake, mama akaweka ndoo chini: jina hilo alilisikia kwa mama yake, la mtu aliyekuwa akichoma tanuru.

Tukaanza kuandika. Daftari liko kwa mwalimu, Gitega, nyumba ya pili ukitoka njia ya sokoni, na nakala itakwenda kwa katekista wa Rugari. Mwenye baba au babu, bibi au shangazi aliyefyatua, aliyechoma, aliyebeba au aliyepanga tofali Mugera, Mushasha au Rugari, na alilete jina lake. Dini haiandikwi. Panaandikwa jina, kilima alichotoka, na kazi aliyoifanya.